Diski Moja kwa Mwezi

Mzee aliingia dukani Jumatatu asubuhi akiwa ameshika diski kwa vidole viwili. Akaiweka juu ya kaunta, akaisukuma upande wangu.

"Kijana, hapa umechanganya. Kamanda si huyu."

Ilikuwa mwaka wa 2009, Umoja, katika duka langu la muvi lililobanwa kati ya kinyozi na wakala wa M-Pesa. Diski yenyewe ilikuwa ya kwanza ya msimu wa pili wa Babylon 5, tamthilia ya Marekani ya kituo cha angani. Mzee alikuwa amemaliza msimu wa kwanza akimfuata Kamanda Sinclair, mtu mtulivu mwenye sauti nzito, hadi akamzoea kama jirani wa mlango wa pili. Sasa amefungua msimu wa pili, kiti cha Sinclair kimekaliwa na kapteni anayeitwa Sheridan, na hadithi inasonga mbele. Nikamweleza kwamba sikuchanganya chochote. Mwigizaji Michael O'Hare ameondoka, na uongozi wa kituo umepewa Bruce Boxleitner.

"Kwa nini?"

Sikujua. Kilichokuwa kikisemwa ni kwamba yeye na watayarishaji waliachana kwa kuelewana.

"Basi nimeuzwa," Mzee akasema.

Kila anayepanda matatu Nairobi anajua kuuzwa. Umelipa nauli hadi Umoja, gari linafika Donholm, makanga anakwambia ushuke uingie lile la mbele kwa sababu wao wanageuza. Nauli ni ile ile, lakini uliyepatana naye si yule tena. Nilimrudishia shilingi zake 50. Akachukua diski ya Star Trek: The Next Generation, tamthilia nyingine ya anga, ambayo nadhani alikuwa ameitazama mara tatu, akaenda zake.

Nimeanza na Mzee kwa sababu kwa muda mrefu nilimhesabu miongoni mwa walioshindwa. Niliamini kwamba hadithi ndefu, ile inayoanza leo na kuisha baada ya misimu mitano, ni ya watu makini, na kwamba wanaotaka mambo yafunguliwe na kufungwa usiku mmoja ni wavivu. Nilikuwa nimekosea, na aliyenionyesha nilipokosea alikuwa mteja aliyekuja dukani mara moja tu kwa mwezi.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Diski tupu nilinunua mjini, Luthuli, kwa makasha ya 50. Kompyuta yangu ilikuwa na sehemu mbili za kuchomea, na diski moja ilibeba episodi nne. Juu yake niliandika kwa kalamu nyeusi ya wino usiofutika: jina, msimu, namba ya diski. Zilikuwa nakala, wala sitatafuta neno la kulificha hilo. Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, iliitazama dunia hivyo kabla Netflix haijafika Kenya Januari 2016. Diski ikikwaruzwa, nilipaka dawa ya meno kwa kidole na kusugua taratibu kutoka katikati kuelekea ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha nikaiosha na kuifuta kwa fulana kuukuu. Mara nyingi ilikubali. Isipokubali, picha iliganda, ikavunjika vipande vya mraba, na mteja akapoteza dakika kumi. Kwa mtu anayetazama muvi ya ngumi, dakika kumi si kitu. Kwa mtu aliye katikati ya hadithi ya miaka mitano, huenda hizo ndizo dakika zilizokuwa na ufunguo.

Hilo peke yake lingenifundisha mapema, kama ningekuwa tayari kufundishwa.

Jumamosi jioni palikuwa na benchi nje ya duka. Mama wa kibanda cha chai alileta birika na mandazi, na mabishano yakaanza. Upande wa hadithi ndefu tulikuwa mimi na vijana wawili wa chuo. Upande wa pili alikaa Mzee, na kinyozi alipokosa wateja.

Silaha ya Mzee ilikuwa episodi moja ya The Next Generation ya mwaka wa 1992 iitwayo "The Inner Light". Kapteni Picard anapigwa na mwali kutoka chombo kidogo angani, anaanguka, na anapozinduka yuko katika kijiji cha sayari asiyoijua, ana mke, na watu wote wanamwita Kamin. Mwanzoni anakataa. Miaka inapita, anakubali. Anapata watoto, anajifunza kupiga filimbi, anazeeka, anamzika mke, anabeba mjukuu, na ukame unaimaliza sayari mbele ya macho yake. Kisha anaamka sakafuni mwa meli yake, na kumbe imepita chini ya nusu saa. Watu wale walikufa zamani sana. Walichotaka ni mtu mmoja tu wa kuwakumbuka, na wakamwachia filimbi.

"Maisha mazima, dakika arobaini na tano," Mzee angesema. "Nyinyi mnataka miaka mitano ya kuniambia nini zaidi ya hapo?"

Kijana mmoja hakuwahi kumwachia. "Na wiki iliyofuata, Mzee? Mtu ameishi miaka arobaini, amezaa, amezika mke, halafu wiki iliyofuata yuko kazini anatoa amri kama kawaida. Hiyo si hadithi kufungwa. Huko ni kusahau."

Hoja hiyo ni kweli, na ndiyo iliyonivuta upande wa hadithi ndefu tangu mwanzo. Binadamu haamki Jumatatu akiwa mtupu. Aliyefiwa Machi bado amefiwa Juni. Nilipenda tamthilia ambamo jeraha la msimu wa kwanza linauma bado katika msimu wa nne. Lakini Mzee hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Jumamosi iliyofuata alikuja na diski ya msimu wa sita, akaomba tuiweke dukani, na humo Picard ameitoa ile filimbi kutoka kisandukuni mwake na kumweleza mwanamke anayempenda ilikotoka. "Amesahau, sivyo?" Mzee akauliza. Kijana alikunywa chai yake.

Wakati huo sikujua kwamba tamthilia za siku zile zilifungwa kila wiki kwa sababu za biashara pia. The Next Generation, iliyoanza 1987 na kufikia episodi 178, iliuzwa kwa vituo vya televisheni kimoja kimoja kote Marekani, na marudio yake yangeweza kuonyeshwa kwa mpangilio wowote, saa yoyote. Mtazamaji aliyekosa tatu alipaswa kuweza kuingia ya nne bila kupotea. Kwa mwenye kituo, hadithi inayoning'inia kutoka wiki hadi wiki ilikuwa hasara. Kwa hiyo mwandishi J. Michael Straczynski alipoenda kuuza Babylon 5 kama riwaya ya televisheni ya miaka mitano, yenye mwanzo, kati na mwisho, alikuwa akiomba jambo ambalo biashara yenyewe ililipinga. Filamu ya utangulizi ilitoka 1993, misimu ikaanza 1994, na kati ya episodi 110 yeye mwenyewe aliandika 92.

Mama wa chai alitushangaa wote. "Mimi natazama hadithi ya Mexico kila siku ya wiki, mwaka wa pili huu," alituambia siku moja akimimina. "Na sijapotea. Nikikosa leo, kesho jirani ananisimulia tukianika nguo."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Tulikuwa tukisema watu hawawezi kufuata hadithi ndefu, na kumbe ploti nzima ya Umoja ilikuwa ikifuata hadithi ndefu kuliko zetu zote. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa peke yake. Hadithi yake ilikuja saa ile ile kila jioni, ikakumbusha ya jana, na ukikosa, kuna mtu kwenye kamba ya nguo. Mteja wangu wa hadithi za anga alikuwa na diski zake na kichwa chake tu, na kichwa hicho kilikuwa kimetoka kazini.

Huyo mteja wa mara moja kwa mwezi alikuwa muuguzi. Wauguzi tunawaita masista, nami nilimwita hivyo hadi nilipofunga duka. Alifanya zamu za usiku katika hospitali moja kubwa mjini, na alipita kwangu asubuhi akishuka stendi, koti juu ya yunifomu, macho mekundu. Mara ya kwanza, 2007, aliniambia, "Nipe kitu kimoja. Nina saa moja kabla usingizi haujanichukua." Nikampa diski ya Battlestar Galactica, tamthilia nyingine ya anga, bila kufikiria sana, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya rundo.

Alirudi mwisho wa mwezi uliofuata, mshahara ulipoingia. Akasimama mbele ya kaunta, hakusema hujambo.

"Nani aliwaeleza habari za wodi yangu?"

Alikuwa ameona episodi iitwayo "33". Mabaki ya binadamu yanakimbia angani, na kila baada ya dakika 33 adui anatokea tena. Wanaruka, wanapumua, saa inahesabu, adui huyo hapo. Siku ya tano hakuna aliyelala. Mikono inatetemeka, watu wanajibizana kwa sauti za chini, mtu anasahau alichokuwa akisema katikati ya sentensi. Rais ana ubao ulioandikwa hesabu ya waliobaki hai, na hesabu inashuka tu. Mwishoni wanaambiwa mtoto amezaliwa katika moja ya meli. Rais anasimama, anafuta, anaongeza mmoja.

Sista aliniambia kwamba hapo ndipo alipozima televisheni na kukaa kitandani na viatu vyake. Hakutaka kuona nyingine siku hiyo. Ilikuwa imetosha.

Tangu hapo alinunua diski moja kila mwisho wa mwezi. Januari hakuja, kwa sababu ya karo. Zamu zikibadilishwa, hakuja pia. Nikawa namwekea diski chini ya kaunta, nikamwonea huruma, nikidhani hadithi inamponyoka. Kumbe alikuwa akiishika kuliko vijana wangu waliomeza msimu mzima kwa wikendi moja kisha wakachanganya nani alimwua nani.

Machi 2009 Battlestar Galactica ilimalizika kule Marekani, na miezi michache baadaye Sista akaimaliza kwake. Alikuja amekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa na mpangilio. Katika misimu ya kwanza, maneno ya mwanzo yalisema kwamba maadui wana mpango. Mashabiki waliyahesabu hayo kama ahadi. Baadaye Ronald D. Moore na waandishi wenzake walisema wazi kwamba mengi waliyaamua wakiwa njiani, hata wale maadui watano wa mwisho, waliojificha miongoni mwa binadamu, ni akina nani. Halafu Kara Thrace, yule rubani ambaye Sista alimpenda kuliko wote, alikufa msimu wa tatu, akarudi hai bila maelezo, na siku ya mwisho akatoweka uwandani mwenzake alipogeuza kichwa.

"Nimemfuata yule msichana miaka miwili," Sista alisema. "Nimemzika. Akarudi. Halafu mtu anageuza kichwa, hayupo, basi? Ahadi ni deni. Wao ndio walisema wana mpango, si mimi."

Vijana wa benchi walikuwa na jibu tayari: hilo ndilo tatizo la kuandika bila ramani, na ndiyo maana Babylon 5 ni bora. Nami nilikubaliana nao. Lakini Sista akatikisa kichwa na kutueleza jambo ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine yeyote, na nitaliandika kama alivyolisema, kadiri ninavyokumbuka.

Alisema mgonjwa wa muda mrefu haponi ndani ya zamu moja. Unamkuta, unamwacha, mwingine anamkuta. Hakuna anayemlaumu muuguzi kwa sababu mgonjwa hajapona saa mbili asubuhi. Lakini ukikabidhi zamu, mgonjwa awe amegeuzwa, awe mkavu, awe amepewa dawa ya saa ile, na faili liwe limeandikwa, ili anayepokea asikisie. "Sitaki kila episodi imponye mgonjwa," alisema. "Nataka isimwache mchafu. Ile ya dakika 33 ilikabidhi zamu vizuri. Hata ningekufa kesho yake, nilikuwa nimeona kitu kizima. Hizi za mwisho zilikuwa zikiniambia tu nisubiri zamu inayofuata."

Nilipolala usiku huo nilipitisha kichwani kila tamthilia niliyokuwa nimeitetea, nikiuliza swali hilo moja. Nyingi zilianguka.

Lost, kwa mfano, ile ya watu walioanguka na ndege kisiwani. Niliiuza kuliko kitu kingine chochote. Katika msimu wa tatu ilifika mahali ikawa inazunguka tu, ikatoa hadi episodi ya kueleza michoro ya mwilini mwa daktari Jack, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliulizia. Waandishi walikuwa wamebanwa, kwa kuwa hawakujua kama wana miaka miwili mbele au minane. Mei 2007 wakakubaliana na kituo chao kwamba itaisha 2010, na ilipojulikana mwisho uko wapi, hatua zikapata mwendo. Nilikuwa nikidhani kurefusha ni neema kwa shabiki. Hapo nikaona hadithi isiyojua siku yake ya kufa haiwezi kupanga siku zake za kuishi.

Na Star Trek: Deep Space Nine, ambayo vijana waliidharau kwa sababu haikupangwa tangu mwanzo, ilisimama imara. Vita vyake vikubwa vilikua polepole, msimu juu ya msimu, kati ya 1993 na 1999. Ukitaka kuona zamu iliyokabidhiwa vizuri, chukua "In the Pale Moonlight" ya 1998. Kapteni Sisko ameketi peke yake, anazungumza na kamera, anaeleza jinsi alivyoanza na uongo mdogo ili kuwavuta Waromula, dola nyingine ya anga, waingie vitani upande wake, na jinsi uongo huo ulivyozaa rushwa, kisha mauaji. Anasema anaweza kuishi na hilo. Anarudia, na sauti inamsaliti. Kisha anafuta rekodi nzima. Mtu ambaye hajawahi kuona episodi nyingine anaelewa kila kitu. Aliyefuata miaka sita anajua pia ni nani huyu anayejifuta, na inamuuma zaidi. Moore aliyeleta Battlestar alikuwa mmoja wa waandishi wa tamthilia hii, kwa hiyo kazi hiyo aliijua.

Kumbe ubishi wetu wa ramani au bila ramani ulikuwa umesimama pembeni ya jambo lenyewe. Hata Straczynski mwenye ramani alilazimika kuikunja. Alimwekea kila mhusika mlango wa kutokea, ili mwigizaji akiondoka hadithi isife naye. Mtandao wa vituo uliokuwa ukiionyesha Babylon 5 ulipoanza kusambaratika, alibana vita viwili vikubwa ndani ya msimu wa nne akihofia hakutakuwa na wa tano. Kisha kituo cha TNT kikajitokeza na kuuokoa wa tano, na ndiyo maana wa nne unakimbia na wa tano, mwanzoni mwake, unavuta miguu. Naipenda Babylon 5 kuliko tamthilia yoyote, na hilo halinizuii kuona nyufa zake.

Nilimpa Sista diski ya kwanza mwishoni mwa 2009. Aliuliza swali moja tu.

"Inaisha?"

"Inaisha."

"Mwandishi mwenyewe anajua?"

"Anajua."

Mzee, wakati huo, hakutaka kuisikia. Siku moja nilimuuliza kwa upole kwa nini mambo yasiyofungwa yanamkera hivyo. Alinieleza kwamba alifanya kazi ya reli miaka thelathini, kwa zamu, mara mchana mara usiku, mara Mombasa mara Kisumu. "Nimeona mwanzo wa mambo mengi sana," alisema. "Mwisho nilikuwa nikisimuliwa." Nilinyamaza. Hapo ndipo nilipoacha kumwita mvivu, hata moyoni. Hadithi ndefu inamtaka mtu mwenye jioni zake. Mimi nilikuwa nazo, na vijana wa chuo walikuwa nazo tele. Mzee hakuwa nazo kwa miaka thelathini, na alijifunza kupenda kilichomtosheleza katika jioni moja aliyobahatika kuipata.

Michael O'Hare alifariki Septemba 2012. Mwaka uliofuata, Straczynski alisimama mbele ya mashabiki huko Phoenix, Marekani, akaeleza kilichotokea. Wakati wa kutengeneza msimu wa kwanza, O'Hare alianza kuugua akili. Aliona na kusikia visivyokuwepo, akaamini anaandamwa. Straczynski alijitolea kusimamisha kazi kwa miezi kadhaa ili atibiwe. O'Hare akakataa, kwa sababu tamthilia isingestahimili kusimama, na wenzake wangepoteza kazi. Akajikaza hadi mwisho wa msimu, ndipo akaondoka kimya kimya. Straczynski alipomwambia ataitunza siri hiyo hadi kaburini, O'Hare alimjibu aitunze hadi kaburi lake yeye O'Hare, kisha watu waambiwe. Na alipopata nafuu alirudi katika msimu wa tatu, wakaifunga hadithi ya Sinclair kwa kuirudia episodi ya msimu wa kwanza iliyokuwa imeacha fumbo wazi.

Nilimweleza Mzee haya kwenye benchi, wengine wakiwa wamekwisha kwenda. Alisikiliza akiangalia barabara. Muda ukapita.

"Kwa hiyo hakuniuza," alisema.

"Hakukuuza, Mzee."

"Nipe ile ya kwanza tena. Nataka kumwangalia vizuri."

Aliitazama yote, misimu yote mitano, kwa mpangilio wake mwenyewe: episodi moja baada ya habari za usiku, kisha taa inazimwa. Msimu wa tano aliuona mrefu bure. Hatukubishana juu ya hilo.

Duka nililifunga 2016. Siku hizi nafanya kazi nyingine, na hadithi za anga natazama kwa simu. Wakati wa kafyu ya 2020, tulipofungiwa ndani kuanzia saa moja jioni, Nairobi nzima ilipata jioni ambazo haikuwahi kuwa nazo. Ndipo nilipoitazama Dark, ya Ujerumani, misimu mitatu iliyofungwa kwa fundo kila uzi, nikaifurahia sana. Lakini nilijua ninaiweza kwa sababu tu nimefungiwa. Zinazotolewa sasa nyingi zinasifiwa kuwa filamu moja ya saa nane au kumi, na kila ninaposikia sifa hiyo moyo unarudi nyuma. Saa ya tatu ya filamu ya saa kumi mara nyingi haina mwanzo wala mwisho wake. Mgonjwa ameachwa hajageuzwa. Andor, ya ulimwengu wa Star Wars, imenipa matumaini, kwa sababu inakwenda kwa mafungu, kila fungu lina tatizo lake na mwisho wake, na mto mkubwa unapita chini ya yote. Hata hiyo ilitarajiwa kuwa misimu mitano ikabanwa kuwa miwili, na haikuvunjika.

Turudi 2013. Sista alifika diski ya mwisho ya Babylon 5 mwezi wa Agosti, baada ya karibu miaka minne. Niliiandika mwenyewe, S5 D6, nikaiweka chini ya kaunta. Alipokuja hakuipeleka nyumbani. Alisema ameifuata peke yake muda wote huu na haoni vyema kuimaliza peke yake, akauliza kama anaweza kuketi. Nikavuta kigoda, nikateremsha mlango wa chuma nusu, nikageuza televisheni ya duka.

Episodi ya mwisho inaitwa "Sleeping in Light". Ilipigwa wakati wa msimu wa nne, walipodhani yote yamekwisha, na msimu wa tano ulipopatikana wakaiweka akiba hadi siku yake. Miaka ishirini imepita katika hadithi. Sheridan anajua siku zake zimefika, anawaita waliobaki kwa chakula cha jioni, anawaaga bila kulitaja neno lenyewe. Kisha anarudi kuona kituo mara ya mwisho. Kituo kimezeeka nacho, kinazimwa. Korido tupu. Anaingia fundi mmoja katika chumba cha mitambo, mtu wa makamo, anaangalia huku na huku, anashika swichi, taa zinazimika, anaondoka.

"Umemwona huyo?" nilimuuliza Sista.

"Fundi?"

"Huyo ndiye Straczynski. Ndiye mwandishi mwenyewe. Alikuja kuzima kwa mkono wake."

Sista alisogeza kigoda karibu na kioo. Zamu yake ilikuwa saa moja jioni, na ilikuwa imebaki saa nzima.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Nimwone."